Shangazi Anajibu: Skuli ya Pemba imeezuliwa paa, sisi wa Unguja tupeleke nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mie nasoma kidato cha tatu hapa mjini Unguja na ni katibu wa klabu yetu ya skuli. Upepo na mvua za masika zimeezua madarasa matatu kwenye skuli moja kule Micheweni, Pemba, mabuku ya wanafunzi na ofisi ya walimu vyote vimeroa. Tumechangishana tumepata laki nne na themanini pamoja na magunia sita ya nguo. Sasa tunagombana, wengine wanataka twende wote 30 tukakabidhi na kupiga picha za kuposti, wengine wanasema tutume pesa tu basi. Nimepiga hesabu nauli ya boti naona itakula mchango wote. Tufanyeje?
Katibu wa klabu, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishieni imani. Hiyo hesabu ya nauli uliyoipiga ndo imenifanya nikujibu wewe mwanzo, kwa sababu watu wengi huikumbuka washafika bandarini Malindi. Musende wote. Waende watatu tu, mwalimu na wanafunzi wawili, mushuke Mkoani kisha mutafute gari ya kupanda kaskazini, na ni safari ndefu kweli maana Mkoani ni kusini kabisa na Micheweni ni kule juu.

Kabla ya safari lakini, simu. Mwalimu mkuu wenu ampigie mwalimu mkuu wa kule amuulize wamepungukiwa na nini, asimtajie kwanza nyie munacho nini, maana mtu akishaambiwa kuna magunia sita ya nguo atasema ahsante leteni, ataona haya kukataa. Sheha wa pale nae aulizwe, yeye anajua nyumba zipi za wanafunzi zimeanguka, kwa sababu upepo ulioezua skuli haukuziacha nyumba za majirani.

Mie nimesoma Pemba na haya yalinikuta. Nilikuwa darasa la sita, banda letu likaezuliwa tukawa tunasomea chini ya muembe, wakaja wageni na magari wakatupanga mstari juani kila mmoja kashikishwa kitu apigwe picha. Mie nilipewa koti zito la baridi. Mama alilikunja akalifanya kigodoro cha mdogo wangu, ila mie kilichonibakia ni ile haya ya kusimama pale nimelinyanyua juu huku watoto wa mtaa wa pili wanatuangalia, na shungi nyeupe ya kuvaa skuli sikuwa nayo, ya kwangu ilichanika siku ile ile ya upepo, nikakaa nyumbani siku nne. Hakuna alotuuliza. Kwa hiyo hizo nguo zichambueni, toeni sare, shungi, majuba, mashati meupe na viatu vizima, vilobakia wapeni watu hapo hapo mjini, na picha za watoto wa watu musiposti, mukitaka picha pigeni ya risiti mukawaonyeshe walochangia.

Sasa nije kwenye kile nnachokitaka hasa. Mabuku yameroa. Mtu mzima akisikia hivyo anawaza kununua mabuku mapya, sawa yanunuliwe, lakini buku jipya ni tupu mwanangu. Mtoto wa kidato cha nne aliyeroweshwa mabuku yake amepoteza notsi za miaka minne, na mtihani ni ule ule wa Baraza la Mitihani, Novemba, huyo wa Micheweni na wewe wa mjini na wa Bara wote karatasi moja. Nani anaweza kumrudishia zile notsi? Mfanyabiashara hawezi, hata serikali yenyewe haina notsi za kumpa. Nyie munazo, silabasi yenu ni moja. Kaeni Jumamosi mbili tatu mugawane masomo, huyu Bayolojia, huyu Kemia, huyu Historia, anaeandika vizuri anukuu, mwalimu wa somo apitie asije mtu akapeleka makosa, kisha pelekeni fotokopi. Wale wawili wakifika kule wakae na wenzao waulize mada zipi wamekosa, waziandike, wakirudi grupu la WhatsApp liendelee.

Pesa zilobakia zisigaiwe mkononi, zipitie kwa kamati ya skuli na risiti itoke. Mabati na mbao iachieni serikali na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, laki nne haiezeki madarasa matatu.

Jengine, musimalize kila kitu safari ya mwanzo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato hata skuli zikafungwa kwa muda, nchi nzima ikalizungumza, halafu mazungumzo yakahamia kwengine huku wanafunzi bado wana mitihani mbele yao. Huwa hivyo kila pahala, wiki ya kwanza misaada inajaa hadi haina pa kuwekwa, mwezi wa tatu mlango haubishwi. Nyie bishini huo mwezi wa tatu. Wekeni laki moja pembeni kwa ajili hiyo, pedi za wasichana, kalamu, fotokopi za mada mpya, na simu tu ya kuuliza mumefikia wapi.

Orodha ya masomo walokosa ikishapatikana niletee hapa kwenye gazeti. Fotokopi za Hisabati na Fizikia za kidato cha nne ntazilipia mie.