Usiulize kanisa lina miaka mingapi, uliza nani alilipa

Wewe unayeanza kusomea makanisa ya vijijini Uingereza, nakuonya mapema: macho yatakudanganya. Siku yangu ya kwanza niliona matao yaliyochongoka na madirisha membamba, nikaandika daftarini "karne ya 13". Mzee mmoja aliyekuwa akifagia alicheka, akanipeleka nje ukutani. Mawe yalikuwa ya mtindo mmoja, msingi hadi paa, kama yametoka kwa fundi mmoja. Kanisa la kale kweli huwa na viraka: tao lililozibwa, dirisha lililopanuliwa na wajukuu. Lile lilikuwa la enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901, zama ambazo wasanifu walipenda kuiga Gothiki, mtindo wa Zama za Kati wenye matao yaliyochongoka.

Ndiyo maana sasa naanza na mfuko. Chukua kanisa la All Saints, Selsley, Gloucestershire, lililokamilika 1862. Fedha zilitoka kwa Samuel Marling, tajiri wa viwanda vya nguo. Msanifu wa jengo ni George Frederick Bodley. Mnara umevikwa paa la mgongo kama la nyumba ya kawaida, kitu ambacho utakiona Ufaransa kuliko vijiji vya Uingereza. Sasa shuka bondeni hadi Ebley Mill, kilichokuwa kiwanda cha Marling. Bodley huyohuyo alikiongezea jengo mwaka huohuo wa 1862, nalo lina mnara wa Kifaransa. Bila kujua nani alilipa, ungepita hapo ukidhani ni kiwanda cha zamani tu.

Ndani, kijitabu cha mlangoni kiache kwanza. Beba darubini ndogo, keti, tazama vioo. Vimetengenezwa na kampuni ya William Morris, msanii na mbunifu wa mapambo; ilianzishwa 1861, na hii ilikuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza kabisa za kanisa. Wachoraji Rossetti, Burne-Jones na Ford Madox Brown, pamoja na msanifu Philip Webb, walishiriki. Picha zimepangwa kama ukanda katikati ya dirisha, juu na chini kioo cheupe-cheupe, kwa hiyo kanisa halina giza. Fuata mistari ya risasi, yaani madini yanayounganisha vipande vya kioo: mara nyingi hupita kwenye mikunjo ya nguo na ukingo wa shingo, hivyo haikati sura ya mtu.

Dirisha la duara la magharibi, lenye habari za Uumbaji, liache la mwisho. Subiri alasiri jua likigeukia huko, umtafute Adamu akiwapa wanyama majina. Hapo darubini inalipa nauli yake.