Mleta uzi, kabla ya kumwonyesha mkeo Waefeso 5:22, anza na mstari ulio juu yake

Bwana asifiwe, wapendwa.

Swali la mleta uzi nimelisoma mara mbili. Ana miaka minne ya ndoa, mtoto mmoja, wanaishi nyumba ya kupanga. Mkewe amejiunga na kikundi cha maombi: Jumatano yuko kanisani, Ijumaa ni mkesha, Jumamosi alfajiri jumuiya, Jumapili anarudi saa kumi. Mwezi uliopita akachukua sehemu ya hela ya kodi akaitoa sadaka bila kumwambia. Sasa anaomba tumpe mistari ya kumwonyesha mkewe kwamba Biblia imemwagiza amtii mume. Wachangiaji wameshammwagia mistari ya kutosha, na mmoja ameandika kwamba kofi moja tu litamnyoosha. Huyo nitamfikia.

Mdogo wangu, mistari hiyo naijua kwa moyo. Niliitumia kwa miaka kama sita nikiwa mzee wa kanisa, na ilikaribia kunivunjia nyumba. Tatizo langu lilikuwa kinyume cha lako, kwani kwetu aliyekuwa kanisani kutwa ni mimi. Lakini mzizi ni ule ule, ndiyo maana naandika kwa urefu. Naomba univumilie.

Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Sisi ni Walutheri. Mwaka 2011 usharika wetu ulikuwa unaezeka kanisa jipya, nami nikawekwa kwenye kamati ya jengo. Jumapili ya ahadi watu walisimama mmoja mmoja kutaja kiasi. Ilipofika zamu yangu nikasimama na kutaja milioni moja na laki mbili. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mke wangu alikuwa upande wa akina mama, benchi la nne, amempakata mdogo wetu. Alikisikia kile kiasi pamoja na wageni waliokuja siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Nyumbani hakusema kitu. Alinitengea chakula, akakifunika kwa kawa, kisha akaenda kuketi na daftari lake la matumizi, lile la kurasa 96 ambalo aliandikia kila kitu hadi shilingi mia mbili ya chumvi. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba watoto, hiyo hela itatoka wapi?" Nikamwambia itatoka kwenye mkopo wake wa SACCOS, ule aliokuwa ameuomba kwa ajili ya ada ya kijana wetu wa kidato cha kwanza. Akaanza kusema neno, nikamkatisha. Nikafungua Biblia pale pale mezani nikamsomea: "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Alifunga daftari. Mkopo ukatoka, hela ikaenda kwenye mabati, kijana akarudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada.

Hakunitukana wala hakukimbilia kwao. Aliacha tu kuja jumuiya, halafu akaacha kwaya. Nami nikawa nasimama mbele za watu kuongoza maombi ya kuombea familia.

Aliyetusaidia ni mchungaji mzee aliyekuwa amestaafu, tuliyekuwa tukimwita Babu. Alikuja siku ya kazi, jioni, bila taarifa, akaketi jikoni kwenye kigoda na kukataa katakata kuhamia sebuleni. Baada ya chai akaniambia nisome ule mstari niliozoea kuusoma. Nikasoma. Akasema, "Sasa nisomee ulio juu yake." Nikasoma mstari wa 21: "hali mkinyenyekeana katika kicho cha Kristo." Akaniuliza, "Huo ulimsomea lini?" Sikuwahi.

Kisha akatufundisha jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile, na ningependa kila mwenye Biblia ya Kiswahili alijue. Kwetu mstari wa 21 una neno "kunyenyekeana" na wa 22 una neno "watiini". Msomaji anaona ni mambo mawili: la kwanza la waumini wote, la pili la wanawake peke yao. Kwenye Kigiriki cha Paulo sivyo. Katika baadhi ya nakala za kale zaidi mstari wa 22 hauna kitenzi chochote. Unaazima kile cha mstari wa 21. Maana yake kunyenyekea kwa mke ni tawi la kunyenyekeana kwa wote, na mume yumo ndani ya hao wote.

Kuna la pili. Paulo akifika kwa watoto (6:1) na kwa watumwa (6:5) anabadili kitenzi. Anatumia kile cha kusikia agizo na kulitekeleza. Hakukitumia kwa mke pale. Lakini Kiswahili chetu kimewapa wote watatu neno moja, "watiini", basi ukisoma harakaharaka unaona mke, mtoto na mtumwa wamepangwa mstari mmoja mbele ya baba mwenye nyumba. Siwalaumu watafsiri, kazi yao imetulea wengi. Ila mtu asijenge utawala wa nyumba nzima juu ya neno moja la tafsiri.

Babu akanipa kazi nyingine: nihesabu. Mke ameandikiwa mstari wa 22 hadi wa 24. Mume ameandikiwa kuanzia wa 25, na Paulo hamwachi mpaka wa 33. Na aliloagizwa ni kumpenda mkewe "kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake". Nikarudia kusoma neno "akajitoa" huku nikimkumbuka kijana wangu akirudi kutoka shule na sanduku lake la bati kichwani. Mimi sikuwa nimejitoa. Nilikuwa nimemtoa mwanangu na mshahara wa mke wangu.

Watu hupenda kuruka hapa na kusema basi mume si kichwa. Mimi sisemi hivyo. Andiko linasema mume ni kichwa cha mkewe na mimi naliamini. Lakini maana ya kichwa imeandikwa hapo hapo, usiende kuitafuta kwa wazee wa ukoo. Katika ulimwengu wa Kirumi baba wa nyumba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya wote wa nyumbani mwake, na waandishi wa zama hizo waliofundisha mambo ya nyumba kwa kawaida walizungumza naye yeye: namna ya kumtawala mke, watoto na watumwa. Paulo anazungumza na mke mwenyewe, mtoto mwenyewe, mtumwa mwenyewe, kama watu wenye dhamiri zao mbele za Mungu. Barua ilisomwa kwa sauti kusanyikoni, mke amekaa pale, anasikia mumewe akiagizwa ampende kama mwili wake mwenyewe. Hakuna mahali mume anapoambiwa "mfanye mkeo akutii". Kunyenyekea ni sadaka ya mke, anaitoa mwenyewe kwa Bwana wake. Ukiidai kwa nguvu umeshaigeuza kuwa kodi.

Na neno "msaidizi" la Mwanzo 2:18 tunalolifanya cheo cha hausigeli, neno lenyewe la Kiebrania ndilo la Zaburi ya 121 kwenye "msaada wangu". Huyo msaada ni Mungu. Mke wa Mithali 31 naye huangalia shamba, akalinunua, na kwa mapato ya mikono yake hupanda mizabibu. Hatuambiwi kwamba alisubiri mumewe arudi kutoka malangoni kwa wazee ndipo aamue.

Sasa nije kwa mkeo, maana najua unasubiri.

Amekosea kwenye hela ya kodi, na hapo Biblia iko upande wako. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwape wazazi wao. Mungu hakuipokea sadaka hiyo kwa furaha. Yesu alisema wamelitangua neno la Mungu. Na 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hela ya paa la mtoto wenu haikuwa ya kutolewa. Lakini angalia vizuri, maana maandiko hayo ndiyo yaliyonihukumu mimi mwanaume na ahadi yangu ya jengo. Yanamhusu yeyote anayechukua kilicho cha nyumbani akakipeleka madhabahuni, awe amevaa kitenge au kola.

Kuhusu mikesha, soma 1 Wakorintho 7:5. Paulo anaruhusu wanandoa wanyimane unyumba kwa muda ili wapate faragha ya kusali, kwa sharti moja: wawe wamepatana. Hasemi mume atoe ruhusa, wala hasemi mke aende akijisikia. Mstari wa 4 unasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na papo hapo unasema mume naye hana amri juu ya mwili wake bali mkewe. Nimesikia nusu ya kwanza ikihubiriwa harusini mara nyingi sana. Ya pili bado naisubiri.

Kwa hiyo kikao mnachohitaji ni cha kupatana. Sisi tulianza kukaa Jumapili usiku, watoto wakishalala, na lile daftari katikati. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, mke wangu hakuamini kwamba naweza kuulizwa nikajibu bila kupandisha sauti. Tukaanza na kodi, ada na chakula. Fungu la kumi na bahasha ya ahadi tukaandika pamoja, kiasi tunachokiona wote wawili, na tukakubaliana kwamba hakuna atakayetaja hela hadharani kabla ya kuitaja nyumbani. Hata kwenye mnada baada ya ibada, mkungu wa ndizi ukipandishwa bei, namtazama kwanza benchi la nne. Kwenye kamati ya jengo nikajiuzulu. Wenzangu walinuna, mmoja akaniambia nimerudi nyuma kiroho. Nikamsomea 1 Timotheo 3:5, mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu, naye akanyamaza. Sikumsomea kwa kiburi, nilikuwa namaanisha mimi.

Kazi ya kanisa sijaiacha. Ninyi mnaosema mke akae nyumbani asihudumu, someni Warumi 16. Inaanza na Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Halafu Priska na Akila, mke ametajwa kwanza, na kanisa likikutana nyumbani mwao. Hao walikuwa wanandoa waliotumika pamoja, mafundi wa mahema, mlango mmoja, meza moja. Huenda mkeo anakwenda peke yake kwa sababu hujawahi kwenda naye.

Sasa ndugu wa kofi moja. Hakuna mahali popote katika Agano Jipya mume amepewa fimbo. Wakolosai 3:19 inamkataza hata uchungu: "wapendeni wake zenu msiwe na uchungu nao." 1 Petro 3:7 inasema asiyempa mkewe heshima sala zake zinazuiliwa, yaani upige, kisha upige magoti, na mbingu zifungwe. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Nimekaa baraza la wazee, nimeona mama aliyevimba jicho akiambiwa "vumilia, omba, Mungu atambadilisha". Nami nilikuwepo, sikusema kitu. Hiyo ni dhambi ninayoitubu hadi leo. Dada unayesoma hapa na unapigwa: kunyenyekea kwa Waefeso 5 hakukuagizi ubaki chini ya ngumi. Nenda mahali salama kwanza, nenda dawati la jinsia la polisi, maombi utayafanya ukiwa huko.

Mtoto wenu naye anaona. Waefeso 6:4 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto, na Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka neno lifundishwe uketipo nyumbani na utembeapo njiani, jambo lisilowezekana ikiwa hamketi nyumbani wote wawili. Siku moja nilirudi saa kumi na mbili jioni, binti yangu akauliza, "Baba, leo kanisa limefungwa?" Alikuwa na miaka saba.

Ukifika nyumbani leo usifungue Biblia kwanza. Usiende kwa mchungaji kumshitaki mkeo. Mkienda, nendeni wawili. Muulize kitu kimoja, kisha nyamaza: kwenye mkesha anapata nini ambacho hapo nyumbani hakipati? Mimi nilimuuliza wangu nini kilimuuma siku ile ya ahadi. Nilidhani atasema hela. Akasema, "Ulinitaja kama mali yako mbele za watu, na mimi nilikuwa nimekuja kuabudu na wewe." Aliendelea kuzungumza mpaka chai ikapoa, nami sikumkatisha.