Kwa nini jibu ni 301 na si 721

Ndugu muulizaji, 721 si jibu la uongo kama unavyodhani, ila swali la muuzaji anayebakiwa na yai 1 kila akipanga mayai yake kwa mafungu ya 2, 3, 4, 5 au 6, na asibakiwe na lolote akiyapanga kwa mafungu ya 7, limetaka idadi ndogo kabisa inayowezekana. Wewe ulizidisha 2 × 3 × 4 × 5 × 6 ukapata 720, kisha ukaongeza 1, na kwa bahati tu 721 ikagawanyika kwa 7. Kilichohitajika ni Kigawe Kidogo cha Shirika cha namba hizo, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote, ambacho ni 60, kwa sababu 3 × 4 × 5 tayari inagawanyika kwa 2 na kwa 6.

Basi idadi ya mayai ni 60 mara namba nzima fulani, kujumlisha 1. Kwa kuwa 60 ikigawanywa kwa 7 hubaki 4, huna haja ya kuhangaika na 61, 121 na zinazofuata. Tafuta tu namba ambayo, ukiizidisha kwa 4 na kuongeza 1, unapata kigawe cha 7. Namba hiyo ni 5, kwani 4 × 5 + 1 = 21. Mayai, kwa hiyo, ni 301, yaani trei 10 za mayai 30 na yai moja la mkononi. Majibu mengine hupatikana kwa kuongeza 420 kila mara, na la kwanza kati ya hayo ni hilo lako.