Kujikosoa na kujisahihisha ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Mwanza, nafanya utafiti kuhusu kina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni Kirumba, hojaji yangu nimekuambatanishia. Msimamizi kaniandikia kwenye rasimu "jikosoe kwanza", mi nikaona kama kanidharau. Si angesema tu nijisahihishe?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hajakudharau hata kidogo, na neno kalichagua vizuri sana. Mtaani kukosoa watu wanakuchukulia kama kumsema mtu, kumtafutia ubaya, lakini liangalie neno lilivyoundwa: tata inazaa tatua, choma inazaa chomoa, na kosa inazaa kosoa, yaani kulitoa kosa pale lilipojificha. Sasa huwezi kutoa usichokiona, ndo maana kukosoa kunaanza na kutafuta. Kusahihisha kumetoka kwenye sahihi, unakifanya kitu kiwe sahihi, na hapo kosa unakuwa umeshalijua.

Chukua hiyo hojaji yako, swali la 4, "kwa siku unauza kilo ngapi?" Mama wa mwaloni anapima kwa sado na ndoo, mizani hana, anakutajia namba yoyote ili uondoke ahudumie wateja, we unaandika, unajumlisha, unatoa wastani, na jedwali linapendeza kweli. Ukikimbilia kusahihisha utarudia hesabu tu, na hesabu zako hazina shida! Ukijikosoa ndo utagundua swali lenyewe lilikosewa tangu mwanzo.

Wakubwa zako pia wamepitia hapo. Watafiti wa saikolojia walizirudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa, wakatoa ripoti 2015, na ni asilimia 36 tu ya marudio yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kirahisi kwa bahati tu, wakati zile za mwanzo karibu zote zilikuwa nayo. Huko ndiko kujikosoa, fani nzima inajichungulia yenyewe bila kuoneana aibu, na mimi hilo nalipenda kuliko jedwali lolote lililonyooka.

Kwa hiyo rudi Kirumba na sado mkononi, uliza upya, halafu kwenye sura ya mbinu usifiche, andika: "Swali la 4 liliuliza kilo ilhali wauzaji wanapima kwa sado, hivyo tulilisahihisha." Hapo tumia sahihisha bila wasiwasi, kukosoa utakuwa umeshamaliza.