Maswali ya Kamera: Tripodi Itangoja

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nimenunua kamera iliyotumika, Canon 2000D na lenzi yake ya 18-55. Desemba nitapiga harusi ya binamu yangu hapa Mumias, na nimebakiwa na shilingi 12,000. Mwenye duka mmoja Kisumu amenipangia tripodi ya kusimamishia kamera, seti ya filta na mkoba mkubwa, eti bila hivyo sitaitwa mpiga picha. Nifuate orodha yake?
– Fundi Mpya, Mumias

JIBU: Sijambo, mdogo wangu. Huyo amekupangia kilichojaa kwenye rafu yake.

Anza na betri. Kamera yako inatumia aina ya LP-E10, na Canon wenyewe wanasema ikijaa inatoa picha kama 500 ukichungulia kwenye kile kitundu cha nyuma. Ukizoea kutazamia kwenye skrini, hesabu inashuka sana. Na harusi za kwetu unazijua: unaanza alfajiri nyumbani kwa kina bibi harusi, keki inakatwa giza likiingia. Mimi yalinikuta Luanda, ile ya Vihiga, mwaka wangu wa kwanza. Betri moja tu, bibi harusi amesimama mlangoni na baba yake, alama ya betri inapepesa. Nikapiga picha tatu, kamera ikalala. Shangazi zake waliokuwa wakicheza nyuma yake, leso zikipepea, ninao kichwani tu. Nunua betri ya pili, na ya tatu ukiweza.

Kisha kadi. Mbili za GB 32 ni afadhali kuliko moja ya GB 128, maana moja ikiharibika hujapoteza siku nzima. Kamera hii haidai kadi ya bei kali. Ya kasi ya daraja la 10 inatosha. Ogopa kadi bandia. Imeandikwa 64, ndani ina 8, nayo haikuambii kitu: inaendelea kupokea picha tu, na ukifika nyumbani unakuta nyingi hazifunguki. Siku unayoinunua, ijaze video mpaka pomoni, halafu zifungue moja moja kwenye kompyuta. Zikigoma hata chache, irudishe na risiti yake.

Sasa mwanga. Sisi ikweta inatupitia hapo Maseno, kwenye barabara ya Busia, na jua la saa sita linatukalia utosini. Maharusi wakitoka kanisani saa hiyo, macho yao kwenye picha ni mashimo meusi. Tafuta kiakisi, lile duara la kitambaa linalokunjwa, umpe mtoto mmoja alishike usawa wa kiuno, limetazama juu. Tumia upande mweupe; ule wa fedha unawakunjisha watu macho. Ukikosa, karatasi ya manila au leso nyeupe itakufaa. Mimi hadi leo natumia povu jeupe gumu lililokuja na televisheni ya jirani. Wateja hucheka wakiliona, mpaka waone picha.

Pesa ikiruhusu, ongeza flashi, lakini kabla hujalipa tazama pale juu ya kamera inapochomekwa. Baadhi ya kamera za karibuni za Canon za bei nafuu hazina kile kitone kikubwa cha katikati, na flashi nyingi za kampuni nyingine hukitegemea ili kuwaka. Usiagize kwa simu. Nenda dukani na kamera yako, ichomeke, ipige mara kumi. Utasikia pia ushauri wa kugeuza kichwa cha flashi juu ili mwanga udunde kwenye dari. Dari ipi? Makanisa yetu mengi ukitazama juu ni mabati na mbao, mwanga unapotelea huko huko. Uelekeze kwenye ukuta mweupe wa pembeni.

Filta achana nazo. Kioo rahisi mbele ya lenzi kitakuletea vidoa vya kijani kila palipo na mshumaa. Tripodi nyepesi inayumba kwa upepo kidogo tu, na siku ya harusi utakuwa unakimbia huku na huku, utaisahau chini ya mti. Mkoba? Bebea kamera kwenye begi la shule, izungushie sweta. Kwenye bodaboda hakuna atakayejua umebeba nini.

SWALI: Ndani ya lenzi yangu kuna kitu kama utando wa buibui. Nimepangusa mpaka nimechoka.
– Mama wa Dunga, Kisumu

JIBU: Pole, mama. Hiyo ni kuvu, na imeota ndani ambako kitambaa hakifiki. Mpelekee fundi wa lenzi mapema, kwa sababu ikikaa inakula ule utando mwembamba uliopakwa kwenye kioo, na hapo haiponi. Nadhani lenzi inalala kwenye mkoba uliofungwa, nawe unakaa karibu na maji. Kuvu inapenda giza na unyevu. Nunua kopo la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, weka lenzi humo pamoja na silika, zile punje za kunyonya unyevu. Chagua za buluu: zikigeuka waridi zimeshiba maji, badilisha. Na usiweke mchele kama wanavyofanya watu kwa simu iliyolowa. Una vumbi la unga, litaingia kwenye pete za lenzi, na kwa fundi utarudi mara ya pili.