Makufuli ya wapenzi Paris: pale Pont des Arts hayafungwi tena

Dada umeuliza kama wewe na mpenzi wako mnaweza kufunga kufuli kama ishara ya mapenzi pale Pont des Arts, lile daraja la mto Seine. Hapana dada, kufuli liache nyumbani. Jiji la Paris lilianza kuyatoa makufuli yote Juni 2015, kama tani 45 hivi, maana mwaka mmoja nyuma kipande cha ukingo wa daraja kilishaporomoka kwa uzito. Mimi na mume wangu tumepita pale kwa miguu, zile nyavu za chuma zinazoonekana kwenye picha za zamani hazipo kabisa, pembeni wameweka vioo vinene, huna hata pa kupitishia kipini cha kufuli. Baadhi ya makufuli yalipigwa mnada 2017 na hela zikaenda kusaidia wakimbizi, hilo lilinigusa sana.

Ila utakuta watu bado wanafunga kwenye madaraja mengine na hata nguzo za taa, na ufunguo wanautupa mtoni Seine, msifanye hivyo jamani, mto wenyewe ndo unaoumia.

Kama mnataka kitu cha mapenzi cha kupigia picha nendeni mtaa wa Montmartre, shukeni kituo cha metro (treni ya chini ya ardhi) cha Abbesses, hapo hapo nje kuna bustani ndogo yenye ukuta wa vigae vya bluu iliyoiva, vigae 612, umeandikwa "nakupenda" kwa lugha zaidi ya 200, bure kabisa. Na pale Pont des Arts bado mwende jioni jua likizama, daraja halipitishi magari, mnakaa tu mnaangalia maji.