Nilimshinda dada yangu kwa maandiko, sasa hapokei simu

SWALI: Shikamoo Mama. Niliokoka miaka 2 iliyopita. Tangu hapo namtumia dada yangu mkubwa mstari wa Biblia kila alfajiri, na tukikutana namweleza habari za hukumu, kwa sababu nampenda na sitaki apotee. Mwezi uliopita tulibishana mbele ya watoto wake. Nilimshinda kwa maandiko, akakosa la kusema. Mwishowe akaniambia, “Tangu uokoke hujawahi kuniuliza hali yangu.” Sasa hapokei simu zangu. Ndugu mmoja kanisani ananiambia nisilegeze, maana Ezekieli 33 inasema mlinzi asiyepiga tarumbeta atadaiwa damu. Nifanye nini?
Mdogo Wake

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye neno moja: “nilimshinda.” Dada yako mkubwa, mbele ya watoto aliowazaa. Najua hukukusudia kumwaibisha. Lakini aliaibika, na watoto waliona.

Nakuambia haya kwa sababu nilimfanyia baba yangu vilevile. Hakuwa mtu wa kanisa. Nilipookoka nilimwandama miaka 6, na kila alilosema nilikuwa na jibu lake. Ikafika mahali akiniona tu naingia na Biblia mkononi, anawasha redio.

Kisha macho yake yakaanza kufifia, na kazi ya kumkata kucha ikawa yangu kila Jumamosi. Kucha za miguu za mzee ni ngumu. Unaziloweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, unaupakata mguu, unainamisha kichwa. Ukikaa hivyo mahubiri hayatoki. Basi nikawa nasikiliza. Ndipo nikajua kwamba akiwa kijana alitengwa na kanisa hadharani, mama yake akiwa amekaa palepale, kwa kosa ambalo hakulitenda. Miaka yote 6 nilikuwa namjibu maswali ambayo hakuuliza, na lililomuuma sikulijua.

Jumamosi moja akaniuliza, “Hivi wewe ukisali usiku, unamwambia nini?” Nikamjibu kwa maneno machache, ukweli mtupu, pamoja na zile siku ambazo sina la kumwambia Mungu. Akanyamaza. Nikashika kidole kilichofuata.

Baba alifariki bila kubatizwa, na hilo bado linaniliza. Ila redio ile hakuiwasha tena nilipoingia.

Mtume Petro ameandika, katika Waraka wake wa Kwanza 3:15, kwamba tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu “awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu.” Tafsiri ya Biblia ya Habari Njema inasema “kwa upole na heshima.” Litazame vizuri hilo “awaulizaye.” Kuna mtu anauliza kwanza. Wewe dada yako hakukuuliza kitu, na alipokuambia jambo lake hukulisikia, maana umeniandikia sentensi yake neno kwa neno kisha ukarukia habari za tarumbeta.

Na mkumbuke anayeandika ni nani. Ni Petro yuleyule aliyechomoa upanga bustanini akamkata Malko, mtumishi wa kuhani mkuu, sikio la kuume, akidhani anamtetea Bwana. Luka anasema Yesu aligusa sikio lile akaliponya. Nadhani Petro hakuisahau picha ile maisha yake yote. Mtu aliyekatwa sikio utamhubiria nini akusikie?

Sasa hilo la Ezekieli, kwa sababu naona limekutia hofu ya kweli. Mlinzi kazi yake ni kupiga tarumbeta ili mji usikie. Sura hiyohiyo inasema aliyesikia tarumbeta asijali onyo, damu yake ni juu yake mwenyewe. Dada yako amesikia, kila alfajiri kwa miaka 2. Hudaiwi. Kumgeuza moyo hukupewa wewe. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na mwenye kukuza ni Mungu. Huyo ndugu anayekuambia usilegeze namheshimu, lakini katika hili sikubaliani naye hata kidogo.

Nenda kwake. Simu hapokei, basi fika mwenyewe, na Biblia iache nyumbani safari hii. Mwombe radhi kwa lile la siku ile, na watoto wakiwepo, wasikie nao. Usiseme “nisamehe, lakini.” Ukishaweka “lakini,” umeanza ubishi upya. Kisha muulize hali yake, ukae. Akikulaumu saa nzima, kaa saa nzima. Usitafute upenyo wa kuingiza mstari. Atakuona unavyoutafuta, watu huona.

Ile ya kumtumia mistari, iache. Saa hiyohiyo ya alfajiri amka kama ulivyozoea, umtaje kwa jina mbele za Mungu, pamoja na lile atakalokuwa amekueleza. Siku akikuuliza mwenyewe, mjibu. Kwa ufupi, na pale usipojua mwambie hujui.

Ukishatoka huko niandikie tena, uniambie dada anaendeleaje.